Je, Uso wa Mtu Waweza Kuuzwa?

Miongoni mwa maswali wanayoyauliza vijana wetu siku hizi, liko moja ambalo kwa juu juu laonekana kuwa ni swali la biashara tu, lakini ukilifungua utakuta ndani yake mna mambo ya haki, amana na sitara. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye kamera, aliyepiga picha nzuri, aiuze wapi?

Nililetewa swali hili na mpwa wangu, kijana wa miaka ishirini na ushei, ambaye riziki yake ni kupiga picha za harusi. Alikuja baada ya sala ya alasiri, akaniamkia, kisha akanionyesha katika simu yake picha ya bibi mmoja wa mtaani kwetu, muuza vitumbua. Bibi ameinama mbele ya jiko lake, moshi umemzunguka, na mwanga wa asubuhi umeuangukia uso wake wenye makunyanzi. Haki ya Mungu, ilikuwa ni picha ya kupendeza.

"Mjomba," akasema, "nataka kuiweka katika mojawapo ya maghala ya picha ya intaneti. Yako mengi. Moja latoa asilimia kubwa, jingine lina wanunuzi wengi, la tatu halilipi kitu lakini humpatia mtu jina. Nichague lipi?"

Nikamwuliza: "Bibi mwenyewe anasemaje?"

Akanyamaza kidogo, kisha akajibu: "Hajui, mjomba. Lakini alikuwa barabarani, na kila apitaye anamwona."

Kwa kuwa jawabu hilo ndilo jawabu la watu wengi, na kwa kuwa mimi mwenyewe siku ile sikuwa na la kumwambia, nimeona ni vyema tulitazame jambo hili kwa utulivu, hatua kwa hatua.

MPAKA WA MAKALA HII

Ama kuhusu kupiga picha kwenyewe, wanachuoni wamehitilafiana tangu zamani. Wako walioikataza, na wako walioiruhusu, kama vile Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, ambaye aliandika risala akaeleza kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli cha kitu ambacho Mwenyezi Mungu amekwisha kukiumba, wala si kuumba kitu kipya. Makala hii haikusudii kuingia katika mjadala huo. Anayeona kuwa ni haramu hana haja ya kuuliza auze wapi. Maneno yetu ni kwa yule anayeona kuwa ni halali, kwani si kila kilicho halali kukitengeneza huwa ni halali kukiuza kwa namna yoyote na kwa yeyote. Zabibu ni halali, lakini kila mtu ajua kwamba kuna mnunuzi ambaye muuza zabibu mcha Mungu hutakiwa kujiuliza mara mbili kabla ya kumwuzia.

MAGHALA YA PICHA NI NINI?

Biashara ya kuweka akiba ya picha na kuwakodisha wenye magazeti na matangazo si jambo la jana. Mwaka 1935 mtu mmoja aitwaye Otto Bettmann aliikimbia Ujerumani ya Hitler akaingia New York akiwa na masanduku yaliyojaa picha. Mwaka uliofuata akafungua hazina yake ya picha, na wachapishaji wakawa wanamwendea kila wanapohitaji sura ya jambo fulani. Hazina hiyo ikakua mpaka ikawa na mamilioni ya picha, na mwaka 1995 ikanunuliwa na kampuni ya Corbis, mali ya tajiri Bill Gates.

Katika siku hizo aliyepeleka picha zake katika hazina kama hizo alikuwa ni fundi aliyebobea, na aliyenunua alilipa fedha nyingi. Intaneti iliyageuza yote hayo. Mwaka 2000 lilianzishwa huko Calgary, Kanada, ghala la iStockphoto, ambalo mwanzoni lilikuwa ni mahali pa watu kupeana picha bure, kisha likawa linauza kwa bei ndogo sana. Mwaka 2006 kampuni ya Getty Images ililinunua kwa dola milioni 50. Mwaka 2003 Jon Oringer alianzisha Shutterstock mjini New York kwa picha zipatazo 30,000 alizozipiga mwenyewe. Kampuni ya Adobe nayo ikalinunua ghala la Fotolia, na mwaka 2015 ikafungua lake, Adobe Stock. Pia yakatokea maghala ya kutoa bure, kama Unsplash lililoanza mwaka 2013, ambalo nalo lilinunuliwa na Getty Images mwaka 2021. Na mwezi wa Januari 2025 Getty Images na Shutterstock zikatangaza nia ya kuungana kuwa kampuni moja.

Basi kijana wa Tanga au Lamu mwenye simu nzuri aweza leo kuipeleka picha yake katika ghala hilohilo ambamo imo picha ya fundi wa Paris. Hii ni neema, na hatuna sababu ya kuikanusha.

SWALI LA UJIRA

Wengi wakitaka kuchagua ghala huanza na ujira, na hawakosei kuutazama. Mfanyakazi ana haki ya jasho lake. Adobe Stock hutoa kwa mwenye picha asilimia 33 ya mauzo ya picha za kawaida. Shutterstock, tangu mwezi wa Juni 2020, iliwapanga wauzaji wake katika ngazi, wa chini asilimia 15 na wa juu asilimia 40, na kila tarehe 1 Januari wote hurudishwa ngazi ya chini wakaanza kupanda upya. Utaratibu huo ulipotangazwa, wapiga picha wengi walilalamika, wakasema kuwa picha moja yaweza kumpatia mwenyewe senti kumi tu za dola. Malalamiko hayo yafaa kusikilizwa, maana anayefanya kazi nzuri kwa miaka kumi kisha kila mwaka mpya akahesabiwa kama mgeni, hapana shaka atahisi kuwa amepunjwa.

Lakini hebu tuangalie: hata kama ghala lingetoa asilimia 90, bado swali moja lingebaki. Asilimia 90 ya nini? Muuzaji hana haki ya kuuliza bei kabla hajajua kuwa kitu ni chake. Mtu akikuta ng'ombe njiani, haanzi kwa kuuliza mnada upi una bei nzuri.

UNAUZA NINI HASA?

Katika maghala haya, mwenye picha haiuzi picha yenyewe. Anauza ruhusa ya kuitumia. Ruhusa hizo ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ruhusa ya habari, yaani picha itumike kueleza tukio la kweli katika gazeti au kitabu. Ya pili ni ruhusa ya biashara, yaani picha iweze kutiwa katika tangazo la sabuni, benki, dawa au chama. Kwa ruhusa hii ya pili, maghala makubwa hudai karatasi ya ridhaa iliyotiwa saini na kila mtu ambaye uso wake watambulika, na ikiwa ni mtoto, saini ya mlezi wake.

Mnunuzi wa ruhusa ya biashara mara nyingi hulipa mara moja tu, kisha huitumia picha mara nyingi kwa muda mrefu. Wala muuzaji haambiwi picha imekwenda wapi. Aona tu katika hesabu yake kuwa imenunuliwa. Huenda imekuwa jalada la kitabu cha mapishi, na huenda imekuwa tangazo la jambo ambalo aliye pichani asingekubali jina lake litajwe karibu nalo.

Kwa hiyo katika kila picha ya mtu mna haki tatu zilizofungamana: haki ya aliyeipiga, haki ya aliyepigwa, na haki ya atakayeitazama. Tuzitazame moja moja.

HAKI YA ALIYEPIGA

Kisa cha kwanza chatoka katika mji mtukufu wa Makka. Mwaka 1885 mtaalamu wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje, aliishi Makka kwa miezi kadhaa. Huko alikuwa na tabibu mmoja wa mji huo, Sayyid Abdul-Ghaffar, ambaye alijifunza kwake kazi ya kamera. Mholanzi alipofukuzwa Makka mwezi wa Agosti mwaka huo, tabibu aliendelea kupiga picha za mji, za mahujaji na za Msikiti Mtukufu, akawa anamtumia Uholanzi. Picha hizo zilichapishwa mwaka 1889 kwa jina la Snouck Hurgronje. Tabibu alikuwa ameandika jina lake katika picha zake kwa khati nzuri. Katika kitabu jina hilo lilifutwa. Ilipita karibu miaka mia kabla ya watafiti kumrudishia Sayyid Abdul-Ghaffar heshima yake, na leo atajwa miongoni mwa Waislamu wa mwanzo kabisa kuipiga picha Makka.

Wala usidhani kuwa haya ni mambo ya kale tu. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, mpiga picha Daniel Morel aliziweka picha zake katika intaneti. Shirika la habari la AFP likazichukua na kuzisambaza, na Getty Images nayo ikaziuza, bila ya idhini yake. Mwaka 2013 baraza la mahakama huko New York liliamua alipwe zaidi ya dola milioni 1.2.

Mpwa wangu alipovisikia visa hivi alifurahi, maana vyote viwili vilikuwa upande wake. Nikamwambia asubiri.

HAKI YA ALIYEPIGWA

Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, studio za picha za Unguja, kama ile ya Gomes, ziliuza kadi za posta kwa wageni waliopita na meli. Katika kadi hizo wamo wanawake wa pwani, wamejifunga kanga, wametazama mbele. Chini yake hapana jina. Pameandikwa tu kabila au kazi: mwanamke Mswahili, mchota maji, mtumishi. Mtu wa Ulaya akainunua kadi, akaandika nyuma salamu kwa mama yake, akaitupia posta. Wanawake wale walikuwa na majina, na waume, na watoto. Leo baadhi yetu huenda ni vitukuu vyao, na hatuwezi kuwatambua mabibi zetu katika kadi ambazo wageni huzinunua kwa bei kubwa.

Mwaka 1984, katika kambi ya wakimbizi huko Pakistan, Mmarekani Steve McCurry alimpiga picha msichana wa Kiafghani mwenye macho ya kijani. Mwezi wa Juni 1985 picha hiyo ilitokea katika jalada la gazeti la National Geographic na ikaenea duniani kote. Mamilioni ya watu waliujua uso ule, na hapana aliyemjua jina. Alipotafutwa na kupatikana mwaka 2002, ilikuja kujulikana kuwa ni Sharbat Gula, mke wa mtu na mama wa watoto, na kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kuiona picha yake hata mara moja. Ulimwengu mzima ulikuwa na kitu chake ambacho yeye mwenyewe hakuwa nacho.

Na mwaka 2013 mwanamke mmoja wa New York alipata habari kuwa uso wake umetiwa katika tangazo la serikali ya jimbo lake, tangazo lililohusu haki za watu walioambukizwa virusi vya Ukimwi. Yeye hakuwa na maradhi hayo. Alikuwa amepigwa picha hapo nyuma kwa ajili ya makala ya muziki, na mpiga picha akaiuza kwa ghala bila ya ridhaa yake ya maandishi. Ghala likaiuza kwa serikali, na serikali ikaitia katika tangazo. Tangazo lenyewe lilikuwa na nia njema. Mpiga picha hakukusudia ubaya, ghala halikukusudia ubaya, serikali haikukusudia ubaya. Hata hivyo, watu walisoma kando ya uso wa mwanamke yule maneno ambayo hakuyasema. Mambo yakafika mahakamani.

Hapa ndipo ilipo nukta ya makala hii. Katika kisa hiki huoni mtu mwovu, lakini dhulma imetendeka. Imetendeka kwa sababu kila mmoja alimwachia mwenzake kuuliza, na hapana aliyeuliza.

"LAKINI ALIKUWA BARABARANI"

Turudi sasa kwa hoja ya mpwa wangu: bibi yule yuko barabarani, na kila mtu anamwona. Je, si haki kuichukua picha yake?

Jawabu ni kwamba kuonekana ni jambo moja na kuuzwa ni jambo jingine. Apitaye barabarani humwona bibi, naye bibi humwona. Wakisalimiana, salamu hujibiwa. Akitazamwa kwa dharau, aweza kujifunika au kufoka. Yuko mahali pake, na jirani zake wajua kuwa yule ni bibi wa fulani, aliyesomesha wajukuu kwa vitumbua. Lakini picha ikiondolewa pale na kutiwa ghalani, yote hayo hubaki nyuma. Huko ghalani huandikiwa maneno ya kutafutia: mwanamke, mzee, Afrika, umaskini. Bibi si maskini machoni mwetu. Hajapata kumwomba mtu. Lakini mnunuzi wa mbali akitafuta sura ya umaskini, ghala litamletea uso wa bibi yetu, naye hatakuwapo pale kusema: hapana.

Mtu aweza kuuliza: je, kwa hoja hii si tutakuwa tumezuia picha zote za dhulma na njaa ambazo zimeuamsha ulimwengu? La, hasha. Apigaye picha ili kuonyesha dhulma ni kama shahidi, na ushahidi ni wajibu. Lakini shahidi hufungwa na masharti: aseme aliyoyaona, mahali alipoyaona, siku aliyoyaona, wala asiongeze. Picha ya habari yenye maelezo ya kweli ni ushahidi. Picha iliyovuliwa maelezo yake, ikawekwa ghalani ili ivalishwe maneno yoyote ya mwenye fedha, imekwisha kutoka katika ushahidi na kuingia katika bidhaa. Huyo aliyeitoa huko asijifunike joho la shahidi.

"LAKINI ALITIA SAINI"

Hoja ya pili ni ya wale waliokwisha kuijua sheria ya maghala. Husema: nitampelekea karatasi, atie saini au dole gumba, kisha mambo yatakuwa safi.

Karatasi ni bora kuliko kutokuwa na karatasi. Lakini sheria yetu imetufundisha tangu zamani kuwa katika mauziano haitoshi kusema "nimekubali". Mwenye kukubali lazima ajue anakubali nini. Mauziano ambayo ndani yake mna giza, ambayo mmoja hajui kiasi wala hatima ya anachokitoa, huitwa gharar, nayo yamekatazwa kwa sababu ya ugomvi na dhulma zinazozaliwa humo. Samaki aliye bado baharini hauzwi. Je, bibi asiyejua intaneti, akiambiwa "weka dole hapa, picha yako itakwenda kwa watu", amejua nini? Mtia saini mwenye elimu mwenyewe hajui.

Na ushahidi wa hayo umekwisha kutokea kwa wapiga picha wenyewe. Kwa miaka mingi walipeleka picha zao katika maghala wakijua kuwa zitatumika katika magazeti na matangazo. Kisha yakazuka mambo ya akili mnemba, yaani mashine zinazofundishwa kwa mamilioni ya picha mpaka zikaweza kutoa picha mpya kwa kuambiwa maneno tu. Mwezi wa Oktoba 2022 Shutterstock ilitangaza kuwa itawauzia wateja wake picha za mashine ya namna hiyo, iliyofundishwa pia kwa picha za wauzaji wake, na ikaahidi mfuko wa kuwalipa. Mwaka 2023 Adobe nayo ikatoa mashine yake, Firefly, iliyofundishwa kwa picha za ghala lake. Baadhi ya wauzaji wakapiga kelele: sisi tulikubali kuuza picha, hatukukubali kuifundisha mashine itakayotunyang'anya kazi. Wakajibiwa kuwa mkataba waliouweka saini waruhusu.

Huenda ni kweli kuwa mkataba waruhusu. Lakini tazama jinsi mambo yalivyogeuka. Mpiga picha aliyekuwa akimwambia muuza vitumbua "umekwisha kutia saini" sasa naye aambiwa maneno hayohayo, na sasa auonja uchungu wake. Basi na aupime uchungu wa mwenzake kwa ule wake.

HAKI YA ATAKAYEITAZAMA

Ama kuhusu haki ya mtazamaji na wajibu wa mnunuzi, nitaeleza kosa ambalo mimi mwenyewe nilishiriki, ili lisije likadhaniwa kuwa nawasema vijana peke yao.

Miaka michache iliyopita kamati moja niliyokuwa mjumbe wake ilichapisha bango la kuchangisha fedha za mayatima. Tulihitaji picha. Mmoja wetu akachukua katika ghala la bure picha ya mtoto mwenye macho ya huzuni, tukaisifu, tukaipitisha, mimi nikiwa wa kwanza. Bango likatundikwa karibu na mlango wa msikiti. Siku ya pili akaja mzee mmoja, mfanyabiashara mdogo wa nafaka, akauliza: "Mtoto huyu ni wa nani? Nataka nimsomeshe mimi mwenyewe."

Tulitazamana. Tulipokwenda kuisoma tena ile picha ghalani, tulikuta kuwa ilipigwa nchi nyingine kabisa, wala hapakuwa na neno lolote lisemalo kuwa mtoto yule ni yatima. Huenda wazazi wake wote wawili walikuwa hai, wamesimama nyuma ya kamera. Tulimwua baba yake kwa karatasi na wino, kwa ajili ya kazi ya kheri. Bango tukaliteremsha. Mzee yule alitoa mchango wake, Mwenyezi Mungu amlipe, lakini tangu siku ile kila tuliposoma hesabu mbele yake aliuliza swali moja zaidi ya alilokuwa akiuliza zamani. Hatukuwa na haki ya kumlaumu.

Picha ile ilikuwa ya bure na ruhusa yake ilikuwa sahihi. Kosa letu halikuwa la hakimiliki. Lilikuwa ni uongo.

Na kuna kisa kingine cha kuonyesha kuwa bure na halali si lazima viende pamoja na uadilifu. Mpiga picha wa Kimarekani, Carol Highsmith, ameitolea Maktaba ya Bunge la nchi yake maelfu ya picha zake ili watu wote wazitumie bure. Kisha akapokea barua ya kumdai dola 120 kwa sababu ametumia picha ambayo alikuwa ameipiga mwenyewe, kwa kuwa maghala nayo yalikuwa yakiiuza. Mwaka 2016 alifungua mashtaka, na mahakama ikayatupa madai yake makubwa, kwani alichokwisha kukitoa kwa umma yeyote aweza kukiuza. Sheria ilisema hivyo. Lakini mtu mwenye haya hasimami penye kisima cha sabili akawauzia maji wenye kiu, sembuse kumdai aliyekichimba.

BASI MTU ACHAGUE VIPI?

Baada ya hayo, nilimpa mpwa wangu maswali ya kujiuliza kabla ya kuchagua ghala, nayo nayatoa kwa msomaji.

Kwanza: je, ghala hili ladai ridhaa ya aliye pichani? Ghala lisilouliza ni jepesi kuliingia, na wepesi huo ndio ubaya wake.

Pili: je, laniruhusu kuitenga picha iwe ya habari tu, isitumike katika matangazo?

Tatu: je, lamwekea mnunuzi mipaka? Yako maghala ambayo mikataba yao yamkataza mnunuzi kumvunjia heshima aliye pichani, au yamtaka aeleze kuwa ni mfano tu pale jambo linapohusu maradhi, uhalifu na mfano wa hayo.

Nne: je, picha zitatumika kufundishia mashine, na nikikataa nitasikilizwa?

Tano: nikijuta, naweza kuiondoa? Na hapa ajue kuwa ruhusa zilizokwisha kuuzwa kwa kawaida hazirudi.

Sita: je, nimeandika chini ya picha maneno ya kweli? Jina likiwa mwenyewe amekubali, mahali na kazi. Neno moja la kutafutia laweza kuwa ni ushahidi wa uongo.

Saba, na hapo ndipo: ghala lalipa kiasi gani? Na fedha ikija, fungu la aliye pichani ni lipi? Maghala humlipa mwenye kupeleka picha. Aliye pichani haki yake imewekwa mikononi mwa mpiga picha, na kilichowekwa mikononi mwa mtu bila ya shahidi ndicho hasa kiitwacho amana.

YALIYOKUWA BAADAYE

Mpwa wangu alikwenda kwa bibi asubuhi yake. Alinisimulia mwenyewe. Alimwamkia, akanunua vitumbua, akamwonyesha picha. Bibi akaitazama muda mrefu, akacheka, akasema kuwa hakujua kuwa amezeeka kiasi kile. Kisha kijana akamweleza, kadiri alivyoweza, kuhusu ghala na wanunuzi, na kwamba fedha ikipatikana watagawana sawasawa.

Bibi akauliza: "Wakishainunua, watasema mimi ni nani?"

Kijana akajibu: "Sijui, bibi."

"Basi mjukuu wangu, usiniuze kwa watu ambao hujui watasema nini. Nichapie moja kubwa, niwaachie wajukuu."

Akamchapia, akamtilia fremu, akamnyima malipo bibi alipotaka kumlipa. Katika ghala alipeleka picha za milango ya kale, za majahazi, na za mikono ya fundi anayechonga, ambaye alimwomba naye akakubali. Hajawa tajiri. Aniambia kuwa picha ile ya bibi ndiyo iliyo bora kuliko zote alizopata kupiga, na kwamba kila akiiona roho humwuma kidogo. Sikumwambia kuwa maumivu hayo yataisha. Anayeacha kitu kibaya hana cha kujivunia sana. Thawabu hutarajiwa pale mtu anapoacha kitu kizuri ambacho angeweza kukichukua bila ya yeyote kujua.

Ndugu msomaji, kila mmoja wetu leo ana kamera mfukoni, na kila mmoja ana nyuso za watu ndani ya simu yake: wagonjwa aliowazuru, maiti aliowazika, watoto wa jirani, mabibi wa mtaani. Hata asiyeuza huwatuma na kuwasambaza. Nyuso hizo tumekabidhiwa. Tumwombe Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kuuliza kabla ya kuchukua, na wenye kuridhika tunapoambiwa hapana.